Baba anaanguka akisimama lakini moyo umeonekana mzima: protini ya ugonjwa wa Lewy inafikaje kwenye neva za moyo?

MwanaRungwe (Tukuyu)

Habari zenu wanajukwaa, na shikamoo kwa wote mlionizidi umri. Ninaomba msaada wa maelezo kutoka kwa wanaoufahamu ugonjwa huu, kwa sababu mambo niliyoelezwa hospitalini niliyasikia lakini sikuyaelewa.

Baba yangu ana miaka 74. Alistaafu ualimu akarudi nyumbani kulima ndizi na chai kidogo, na kwa miaka mitatu sasa amebadilika: anatembea kwa kuburuza miguu, kuna siku anatutambua wote na anazungumza vizuri, na kesho yake anaona watoto wadogo wamekaa kwenye kochi ilhali hakuna mtoto yeyote ndani ya nyumba. Daktari bingwa wa ubongo aliyemwona mwaka huu alisema ni ugonjwa wa akili kudhoofika (dementia) unaotokana na miili ya Lewy.

Kinachotutesa zaidi ni kuanguka. Asubuhi akiinuka kitandani anashika fremu ya mlango, anasimama hapo kama anayesikiliza kitu, uso unapauka, kisha magoti yanakatika. Akiwa amesimama hulalamika pia maumivu ya shingo na mabega, na akikaa yanapungua. Tulipoanza kuhangaika tulidhani ni moyo, kwa hiyo alipimwa ECG na eko katika hospitali moja, tukaambiwa moyo unasukuma damu vizuri na hauna tatizo. Kwa kuwa presha yake akiwa amelala ilionekana iko juu, akaandikiwa dawa ya kuishusha, na tangu aanze kuitumia anaanguka mara nyingi zaidi.

Daktari bingwa alitamka sentensi moja ambayo sijaweza kuiacha: kwamba protini ileile iliyojikusanya kwenye ubongo wa baba iko pia kwenye neva za moyo wake. Ninauliza, protini ya ubongo inafikaje kwenye moyo? Na ikiwa neva za moyo zimeharibika, kwa nini kipimo cha moyo kimetoka safi?

Daktari_Nyanda (Iringa)

Kamwene MwanaRungwe, na pole sana kwa kumuuguza mzee. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani, na wagonjwa wa namna hii ninakutana nao kila mwezi, wengi wao wakiwa wamezunguka kwa muda mrefu kwenye kliniki za moyo. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalofungua mengine.

Eko inaangalia misuli ya moyo na milango yake, na ECG inaangalia umeme unaopita ndani ya misuli hiyo. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo viwili kinachoziona neva zinazoingia kwenye moyo kutoka nje. Misuli ya baba yako inaweza kuwa na nguvu kabisa, na moyo wake ukaendelea kupiga kwa sababu una chanzo chake wenyewe cha mapigo, huku neva zinazouamrisha uongeze kasi na nguvu pale mwili unapohitaji zikiwa zimekufa kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo majibu uliyopewa hayakuwa ya uongo. Yalijibu swali lingine.

Sasa kuhusu protini yenyewe. Inaitwa alfa-sinukleini, na sote tunayo. Ni mnyororo wa asidi amino 140, na makazi yake ya kawaida ni kwenye ncha za neva, pale ambapo neva inahifadhi kemikali zake ndani ya vifuko vidogo kabla ya kuzimwaga ili kupeleka ujumbe mbele. Katika ugonjwa huu protini hiyo hujikunja vibaya, chembe moja ikashikamana na nyingine, zikafanya nyuzi ambazo seli inashindwa kuziyeyusha, na hatimaye nyuzi hizo zikawa mabonge. Mabonge hayo ndiyo Friedrich Lewy aliyaona kwa darubini nchini Ujerumani mwaka 1912, na ndiyo yaliyokuja kupewa jina lake, miili ya Lewy. Kwamba yametengenezwa hasa na alfa-sinukleini kulijulikana mwaka 1997 tu.

Jambo ambalo watu wengi hawaambiwi ni kwamba protini hii si mali ya ubongo peke yake. Haisafiri kama maji kutoka kichwani hadi kifuani. Imo tayari katika neva za utumbo, za ngozi, za kibofu na za moyo, kwa kuwa neva hizo nazo zina ncha na vifuko. Kwa hiyo ugonjwa wa baba yako ni ugonjwa wa mfumo wa neva wa mwili mzima, na ubongo ni mahali pamoja tu unapoonekana, ingawa ndipo panapotuumiza zaidi sisi tulio karibu naye.

Neva zinazohusika na moyo hapa ni zile za mfumo wa simpathetiki. Vyumba vya seli zake, yaani sehemu kuu yenye kiini cha seli, viko kwenye vifundo vilivyo chini ya shingo na juu ya kifua, pembeni mwa uti wa mgongo, na kutoka hapo zinatoa nyuzi ndefu na nyembamba mno zinazosambaa juu ya moyo na kuzama ndani ya misuli. Zinapoamrishwa zinamwaga noradrenalini, na moyo unapiga kwa kasi na nguvu zaidi. Watafiti wa Japani waliochunguza mioyo ya watu waliofariki na ugonjwa huu walikuta kitu cha kushangaza: mabonge ya alfa-sinukleini yalikuwa yamejaa kwanza kwenye nyuzi zilizo juu ya moyo, wakati vyumba vya seli kwenye vifundo vilikuwa bado vinaonekana vizima. Kadiri ugonjwa ulivyoendelea, nyuzi za moyoni zilitoweka, na ndipo uharibifu ukarudi nyuma kuelekea kwenye vifundo. Waliolima kahawa Mbozi wanaijua hali hiyo kwenye matawi: tawi linaanza kukauka nchani, shina likiwa bado la kijani.

Mwl_Baiolojia (Mbeya mjini)

Ninamshukuru daktari kwa maelezo yake. Ninafundisha baiolojia ya kidato cha tano na sita, na ningependa kuongeza jambo moja linalowasumbua hata wanafunzi wangu: tunajuaje kuwa mabonge hayo ndiyo yanayoua neva, na si kwamba neva zinakufa kwa sababu nyingine halafu mabonge yanajikusanya kama taka juu ya kifusi?

Ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko mwingine unatoka kwenye familia zenye ugonjwa wa kurithi. Kuna familia moja nchini Marekani ambayo baadhi ya watu wake wana nakala za ziada za jeni ya alfa-sinukleini, iliyoko kwenye kromosomu ya nne, kwa hiyo miili yao inatengeneza protini hiyo kupita kiasi bila kuwa na kasoro nyingine. Wagonjwa wa familia hiyo walipopimwa neva za moyo, zilikuwa zimepotea. Upande wa pili wapo watu wanaougua Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka ambao kwa kawaida nao huwa na miili ya Lewy, lakini wao wanaugua kwa sababu ya kasoro kwenye jeni iitwayo parkin. Wanatetemeka na kukakamaa kama wagonjwa wengine, lakini kwa kawaida ubongo wao hauna miili ya Lewy, na neva za moyo wao mara nyingi hukutwa zikiwa salama. Mtu akiziweka habari hizi mbili pamoja, ataona kuwa kutetemeka hakuui neva za moyo. Kinachoambatana na kufa kwake ni protini iliyojikunja.

Hata hivyo, namna hasa protini hiyo inavyoiua neva bado inabishaniwa na wanasayansi. Hoja moja ninayoiona ina nguvu ni kwamba vifuko vya noradrenalini vinatobolewa na kuanza kuvuja, na kemikali zilizomwagika ndani ya neva zinavunjwa na kuwa vitu vyenye sumu, ambavyo navyo vinaifanya alfa-sinukleini ijikunje zaidi. Ubaya unazaa ubaya. Kuna pia suala la umbo: nyuzi hizi ni ndefu, zina matawi mengi sana na hazina ala nene ya mafuta inayofunika neva nyingine, kwa hiyo gharama ya kuzitunza ni kubwa kwa seli, na ncha iliyo mbali na kiwanda ndiyo inayokosa huduma mapema.

Sista_Njombe

Shikamoo daktari, na habari yako MwanaRungwe. Mimi ni muuguzi, na nimeuguza wazee kwa muda wa kutosha kujua kwamba swali la kwanza mbele ya mzee anayeanguka ni hili: je, amepimwa presha akiwa amesimama? Mara nyingi sana jibu ni hapana. Anapimwa amekaa kwenye benchi, namba inaandikwa kwenye kadi, anaondoka nayo.

Ukiwa na mashine ya presha ya mkononi, fanya hivi nyumbani. Mlaze mzee kwa dakika tano, umpime presha na mapigo ya moyo. Msimamishe huku mtu mwenye nguvu amesimama ubavuni, pima baada ya dakika moja na tena baada ya dakika tatu. Akianza kupauka mrudishe kitandani mara moja, usisubiri namba. Namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, hiyo ndiyo presha inayoporomoka kwa kusimama. Tafadhali usisahau kuandika mapigo ya moyo, kwa sababu daktari atayahitaji kuliko unavyodhani.

MwanaRungwe (Tukuyu)

Ahsante sana dada, na ahsanteni wote. Nimempima leo asubuhi kabla hajanywa chai, kaka yangu akiwa amemshika. Akiwa amelala: 158/88, mapigo 72. Dakika moja baada ya kusimama: 118/70, mapigo 76. Dakika ya tatu: 104/64, mapigo 78, na hapo tukamlaza kwa sababu macho yalianza kumtoka nuru.

Nimekumbuka pia jambo ambalo sikulitaja kwa sababu nililiona halihusiani. Mama aliacha kulala kitanda kimoja na baba zaidi ya miaka kumi iliyopita. Usiku baba alikuwa anapiga kelele na kurusha ngumi akiwa usingizini, na asubuhi alikuwa anasimulia kwamba alikuwa anawafukuza ngedere shambani. Tulikuwa tunacheka. Je, inawezekana ugonjwa ulikuwa umeshaanza?

Daktari_Nyanda (Iringa)

Namba hizo zinasema mengi, na umezichukua vizuri. Presha ya juu imeshuka kwa 54, kutoka 158 hadi 104. Mtu ambaye presha yake inashuka kwa sababu ya kuharisha au kukosa maji, moyo wake hukimbia kuziba pengo, na mapigo hupanda kwa 20, kwa 30, hata zaidi. Mapigo ya baba yako yamepanda kwa sita tu. Tunagawa ongezeko la mapigo kwa kiasi presha ilivyoshuka, na jibu likiwa chini ya 0.5 tunaamini kwamba kosa liko kwenye neva. Lake ni kama 0.11. Amri imetolewa, au ilipaswa kutolewa, na waya wa kuifikisha kwenye moyo haupo.

Lazima niwe mwangalifu hapa ili nisikupotoshe. Presha yake haiporomoki kwa sababu ya moyo peke yake. Neva za aina hiyohiyo ndizo zinazobana mishipa ya damu ya miguu na tumbo tunaposimama, ili damu isitulie chini, na hizo nazo zimeathirika. Kwa kweli mchango wake katika kuanguka ni mkubwa kuliko wa neva za moyo. Wapo wagonjwa waliopoteza neva za moyo ambao presha yao haishuki kabisa wakisimama. Wao hulalamika zaidi kuchoka wanapopanda mlima, kwa sababu moyo haufuati kasi ya miguu. Maumivu ya shingo na mabega uliyoyataja yanatokana na misuli ya sehemu hiyo kukosa damu ya kutosha akiwa wima, na ndiyo maana yanapungua akikaa.

Kuhusu ngedere, jibu ni ndiyo, inawezekana sana. Kwa kawaida tunapoota, mwili unalegezwa ili tusitende ndoto zetu. Kwa watu wenye ugonjwa huu kufuli hilo linaharibika mapema, mara nyingi miaka mingi kabla ya kusahau au kutetemeka. Watu wenye tatizo hilo la usingizi, hata wale ambao bado wana akili timamu na wanatembea vizuri, wakipimwa neva za moyo mara nyingi hukutwa zimeshapungua. Msijilaumu kwa kucheka, mama yako wala ninyi. Hakuna aliyewaambia.

Mwl_Baiolojia (Mbeya mjini)

Daktari, umesema kwamba neva za moyo zinapimwa. Naomba uwaeleze wasomaji zinapimwaje, ikiwa eko na ECG haziwezi kuziona.

Daktari_Nyanda (Iringa)

Kipimo kinaitwa MIBG. Ni kemikali inayofanana na noradrenalini kiasi kwamba neva za simpathetiki zinaipokea na kuihifadhi kama yao. Inaunganishwa na iodini 123 yenye mionzi kidogo, inachomwa kwenye mshipa, kisha mgonjwa anapigwa picha ya kifua baada ya dakika kama 15 hadi 30, na tena baada ya saa tatu au nne. Kwa mtu mzima wa afya, picha ya pili inaonyesha moyo uking'aa upande wa kushoto wa kifua kama kikombe kilichoinamishwa. Kwa mgonjwa wa miili ya Lewy, ini linang'aa kama kawaida, lakini mahali pa moyo pana giza. Moyo upo na unapiga; ambazo hazipo ni neva za kuipokea ile kemikali.

Faida yake kubwa ni kutofautisha magonjwa. Katika Alzheimer, ugonjwa mwingine wa kusahau uzeeni, neva za moyo kwa kawaida hubaki, kwa hiyo moyo unang'aa. Vigezo vya kimataifa vilivyorekebishwa mwaka 2017 vinakihesabu kipimo hiki kati ya viashiria vitatu vikuu vya maabara na picha vya ugonjwa wa akili kudhoofika wa miili ya Lewy. Lakini kisukari cha muda mrefu, moyo uliowahi kushambuliwa au kushindwa kazi, na baadhi ya dawa vinaweza kuutia moyo giza bila Lewy yoyote, kwa hiyo picha haisomwi peke yake. Isitoshe, nusu ya mionzi ya iodini 123 inapotea kila saa 13, na hilo linafanya usafirishaji wake uwe mgumu. MwanaRungwe, usiuze ng'ombe kwa ajili ya kipimo hiki. Maono ya watoto kwenye kochi, siku nzuri na siku mbaya, mwendo wa kuburuza na ngumi za usingizini vimeshatosha kumpa daktari picha.

Sista_Njombe

Ninaomba nirudi kwenye dawa ya presha, kwa sababu ndiyo iliyonikosesha raha tangu niliposoma swali.

Daktari_Nyanda (Iringa)

Umefanya vyema, sista. Presha ya baba yako iko juu akilala na chini akisimama kwa sababu moja: neva zinazopaswa kurekebisha pande zote mbili hazifanyi kazi. Usiisimamishe dawa kwa uamuzi wako, lakini wiki hii, wala si mwezi ujao, mrudishe kliniki ukiwa na namba ulizotuandikia, na umwombe daktari aangalie upya dawa hiyo na nyingine zote, zikiwemo za tezi dume na za kukakamaa, kwa kuwa nyingi kati ya hizo hushusha presha. Na jambo moja uliandike kwenye jalada la kadi yake kwa herufi kubwa: wagonjwa wa Lewy wanaweza kudhurika vibaya sana, hata kufa, wakichomwa haloperidol ili watulie wanapoona maono. Mtu wa zamu ya usiku asiyemfahamu anaweza kuitoa kwa nia njema.

Kuna mambo ya nyumbani yasiyo na gharama. Inueni kichwa cha kitanda kwa matofali, sentimita 20 hivi, si kwa kuongeza mito. Presha kubwa ya kulala chali inazifanya figo zitoe mkojo mwingi usiku, na ndiyo sababu asubuhi ni wakati wake mbaya zaidi. Kabla hajainuka mpeni nusu lita ya maji ayanywe kwa mfululizo akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ilimradi moyo na figo zimethibitishwa kuwa salama na anameza bila kupaliwa, kisha asubiri dakika kumi. Ndizi na ugali apewe kidogo kidogo mara nyingi, kwa sababu mlo mkubwa unavuta damu tumboni na presha inashuka baada ya kula. Na kwa baridi ya Tukuyu najua anakaa jikoni akiota moto: joto linatanua mishipa ya ngozi, kwa hiyo akitaka kuinuka kutoka kwenye kigoda pale mafigani asiachwe ainuke peke yake.

MwanaRungwe (Tukuyu)

Mungu awabariki. Kliniki tumepanga Jumatatu. Swali langu la mwisho ni hili: neva zilizokufa zinaweza kuota tena? Na sisi watoto wake tuko hatarini?

Daktari_Nyanda (Iringa)

Kwa sasa hakuna dawa inayozirudisha neva hizo wala inayoyayeyusha mabonge yaliyokwisha kujengeka. Zipo dawa za kuipandisha presha anaposimama, kama fludrocortisone na midodrine, na daktari wake atapima kama zinamfaa kwa kuwa zinaweza kuipandisha zaidi akilala. Kwa upande wenu watoto, wagonjwa wengi hawakurithi ugonjwa huu moja kwa moja, na familia kama ile ya Marekani ni nadra sana. Muulize mama kama kuna ndugu mwingine wa baba aliyekuwa akipigana usingizini, na ulipeleke jibu lake kliniki Jumatatu pamoja na zile namba.

MwanaRungwe (Tukuyu)

Nimemuuliza mama jioni hii. Anasema hakuna anayemkumbuka. Matofali tumeshayaweka, mawili kila mguu wa upande wa kichwa, na baba ameuliza kwa nini kitanda chake kimepanda mlima. Nimemweleza kuhusu neva za moyo kama mlivyonieleza, na kwa kuwa ilikuwa siku yake nzuri alisikiliza hadi mwisho, akaniambia nimchoree. Nimemchorea kwenye daftari.